Kucha Zimekuwa Nyeusi: Je, Tuache Dawa?

 

Mwezi huu tuliombwa kuandika juu ya afya ya familia. Tulifikiri tutaandika juu ya malaria, kama kila mwaka mvua zinapoanza. Lakini mama mmoja wa bloku ya juu alitusimamisha njiani tukitoka shule, akatuonyesha mkono wa mtoto wake, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, na wa kwenu zilikuwa hivi?" Tukaangalia. Kucha za yule mtoto zilikuwa na mistari myeusi, kuanzia kwenye nyama mpaka kwenye ncha. Tukamjibu ndiyo mama, za mdogo wetu ziko hivyo hivyo mpaka leo, na jana alikuwa anaruka kamba. Yule mama akakaa chini kwenye majani, hapo hapo kando ya njia. Kumbe alikuwa ameacha kumpa mtoto dawa siku tisa, na hakumwambia mtu hata mmoja.

Basi malaria itangoja mwezi ujao.

Kwetu nyumbani tunaye mgonjwa wa selimundu. Wengi wetu tuliotoka Kivu tunaujua kwa jina la drepanositozi, au tunasema SS tu, na hapa Uganda wanauita sikoseli. Ni ugonjwa mmoja. Chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa za mviringo na laini, zinajikunja kama mundu wa kukatia majani. Zikijikunja zinakwama kwenye mishipa midogo, ndipo mifupa inauma, na zinakufa mapema kuliko chembe za watu wengine, ndipo macho yanakuwa ya manjano na damu inapungua. Hauambukizi. Mtoto anazaliwa nao kwa sababu baba amebeba nusu na mama amebeba nusu, na wao wenyewe wazima kabisa. Kila mimba ya wazazi kama hao, nafasi ya kupata mtoto mgonjwa ni moja kwa nne. Hapa hatutakaa sana, maana wengi mmeshasikia kutoka kwa watu wa VHT wakipita nyumba kwa nyumba.

Mdogo wetu alivuka Bunagana mwaka 2012 akiwa mgongoni mwa mama, hajamaliza hata mwaka mmoja. Kabla yake mama alizika wawili, na huko nyumbani watu walikuwa na maelezo yao juu ya vifo hivyo, hatuyarudii hapa. Alipimwa damu akiwa na miaka mitatu, hapa hapa kambini. Miaka mingi alikunywa vidonge vidogo vya njano vya foliki na dawa ya kuzuia malaria, na miaka mingi alikuwa analazwa. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2023 hospitali kubwa ya mkoa ikamwanzishia dawa nyingine, kapsuli moja kwa siku, inaitwa haidroksiyurea. Ndiyo hiyo yenye kuleta kucha nyeusi.

Dawa hii inafanya nini

Tueleze kama tulivyoelezwa. Mtoto akiwa tumboni, damu yake ni ya aina nyingine kidogo, na hiyo damu ya tumboni haijikunji. Ndiyo sababu mtoto wa SS miezi ya kwanza anaonekana mzima, ananyonya, ananenepa, kisha karibu na mwezi wa sita, damu ile inapopungua, unaona vidole vya mikono na miguu vinavimba na mtoto analia usiku kucha. Haidroksiyurea inauamsha mwili utengeneze tena ile damu ya utotoni. Haiponyeshi. Ukiiacha, damu inarudi kama zamani.

Tena haifanyi kazi kwa wiki moja. Uzuri wake unachukua miezi kuonekana, lakini kero zake nyingine zinaanza mapema. Hapo ndipo familia nyingi zinaanguka. Unaona ubaya kwanza, uzuri bado uko njiani, na wewe huna mtu wa kukwambia ngoja.

Jirani yetu mmoja, kijana mwema tu ambaye anasoma Kiingereza, alichukua karatasi iliyokuwa ndani ya boksi la dawa akaanza kusoma. Akakuta neno kansa. Jioni bloku nzima ilikuwa inajua kwamba mdogo wetu ana kansa, na watu wawili walikuja kumpa mama pole. Mama hakulala. Sasa jamani, karatasi haikudanganya. Dawa hii ni ya zamani, ilitengenezwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1869, na kuanzia miaka ya 1960 madaktari waliitumia kwa kansa za damu. Baadaye wakagundua kwamba inawasaidia watu wa selimundu. Mwaka 1995 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba watu wazima walioitumia walipata vipindi vya maumivu karibu nusu ya wengine, na mwaka 1998 ikaruhusiwa kule kwa ugonjwa huu. Panga moja linakata kuni na linakata muwa. Mwenye SS anayekunywa kapsuli hiyo hana kansa, ana SS.

Na kwa Afrika madaktari wenyewe waliogopa. Walisema: dawa inapunguza chembe nyeupe za damu, zile za kupigana na magonjwa, na huku kwetu malaria ni kila siku, je, si tutawaua watoto? Kwa hiyo walipima. Kampala, hospitali ya Mulago, walilinganisha watoto zaidi ya 200, wengine walipewa dawa na wengine kidonge kitupu, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba malaria haikuongezeka kwa waliokunywa dawa. Kisha ukaja utafiti uitwao REACH, katika miji minne: Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Ndiyo, Kinshasa yetu, wasije wakasema ni mambo ya Ulaya. Watoto 606 walianza dawa. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019. Ukilinganisha na kipindi kabla hawajaanza, maumivu yalipungua zaidi ya nusu, kuongezewa damu kulipungua kufikia karibu theluthi moja ya ilivyokuwa, vifo vilipungua sana, na malaria, ile waliyoiogopa, ilipungua karibu nusu. Sisi tulisikia habari hizi tumeshachelewa, mtoto amelazwa.

Tundu la ukuta

Tunaeleza jambo hili kwa ruhusa ya mdogo wetu mwenyewe. Alisema: "Andikeni, lakini msiandike jina."

Mwezi wa tatu tangu aanze, kucha za vidole gumba zikaanza kupata mstari. Mwezi wa tano karibu zote, na viganja navyo vikawa na weusi kwenye mikunjo. Mama akanunua malimau ya kusugua, hayakusaidia kitu. Wakati huo huo alikuwa anatapika. Alikunywa kapsuli asubuhi kabla ya shule, na asubuhi kwetu, tuseme ukweli, kuna siku ya uji na kuna siku ya maji ya moto. Dawa kwenye tumbo tupu. Alikuwa anatapikia njiani, anajipangusa mdomo na sketi, anaingia darasani.

Wasichana wa kwaya walianza kwa kusema eti amepaka rangi. Baadaye wakasema eti kuna kitu kimemwingia. Katika mchezo wa kushikana mikono mmoja alikataa kumshika. Shangazi yetu, ambaye tunampenda na ndiye aliyetubeba wote vita vilipotukuta, akasema dawa hii inammaliza mtoto polepole, apelekwe kwa mtu wa mizizi. Na sisi tuliokwenda shule, tunaoitwa mwalimu barabarani, hatukusema ndiyo wala hapana. Tulinyamaza ili tusivunje heshima. Ukimya wetu mtoto aliuelewa kwa namna yake.

Kila asubuhi alipokea kapsuli mbele ya mama, akaiweka chini ya ulimi, akanywa maji, akasema asante. Kisha anarudi ndani kuchukua begi. Nyuma ya kitanda chake kuna tundu kwenye ukuta wa udongo.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa kali, alirudi kutoka bombani amelowa na jerikeni lake. Usiku mgongo ukaanza, kisha kifua. Wenye mgonjwa kama huyu mnajua kelele ile, siyo kilio cha kawaida. Tulipata boda saa nane za usiku, yeye akakaa katikati ya dereva na mama ili asianguke. Kituo cha afya wakamtia maji na dawa ya maumivu, na asubuhi gari la wagonjwa likampeleka hospitali kubwa. Siku kumi na moja. Aliongezewa damu mara mbili.

Tulirudi nyumbani kumchukulia nguo. Tulipovuta kitanda tukaona tundu, na ndani kapsuli arobaini na moja, nyingine zimeshikana kwa mate na vumbi.

Baadaye tulifungua rejesta ya shule, maana ni sisi tunaoiandika. Muhula wa kwanza wa mwaka ule, dawa ikiwa bado changa, alikosa siku 17. Muhula wa pili alikosa siku 2. Mbili! Na hakuna mtu nyumbani aliyesema, angalieni, mtoto haumwi. Sote tulikuwa tunaangalia kucha.

Nesi alisema nini

Tulijua tutagombezwa. Tulipeleka zile kapsuli kwenye mfuko wa plastiki tukaziweka mezani kama watu wanaorudisha kitu cha wizi. Nesi alizihesabu kwanza. Kisha hakutuuliza sisi, alimwuliza mdogo wetu: "Binti yangu, nini kilikuchosha?"

"Kucha. Na kutapika."

Nesi akamwambia: "Kutapika tutakusaidia leo. Kucha siwezi kukutolea, lakini kucha haziumi na hazikuli."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kwa kutapika alituambia tubadilishe saa tu: dawa inywewe usiku, baada ya posho na maharage, wakati wa kwenda kulala. Kichefuchefu kikija kinamkuta amelala. Wiki mbili hivi kutapika kukaisha. Fikirini, jambo la kusema sentensi moja, na sisi tulilibeba miezi.

Kucha, akasema, ni rangi ya mwili yenyewe inayoongezeka, inawatokea watu wengi weusi wanaokunywa dawa hii, na ngozi pia inaweza kuwa nyeusi zaidi au kukauka. Siyo sumu inayotoka. Siku mtu akiachishwa dawa na daktari, rangi inapungua polepole kucha zinapokua. Nywele nazo zinaweza kuwa nyepesi kwa wengine, siyo kwamba kichwa kinabaki wazi. Kwa ngozi iliyokauka mafuta ya kawaida yanatosha. Malimau mwachie kachumbari.

Halafu akasema neno ambalo hatukulitegemea. Alisema: ninyi mnaogopa kinachoonekana, mimi naogopa kisichoonekana.

Kisichoonekana ni kushuka kwa chembe za damu. Dawa hii ikiwa nyingi kuliko mwili unavyoweza, inapunguza chembe nyeupe za kupigana na vijidudu, inapunguza zile za kugandisha damu mtu akijikata, na wakati mwingine hata nyekundu zenyewe. Mtoto hasikii kitu. Anacheza, anakula. Ni mashine ya maabara tu inayojua. Ndiyo sababu mwanzoni wanataka damu ipimwe mara kwa mara, kila wiki chache, na kipimo kikishatulia basi kila miezi miwili au mitatu.

Na ilitutokea. Mwezi wa tatu mwaka 2024 tulikwenda kupima tukiwa na furaha, mdogo wetu amenenepa, njia nzima anaimba. Jibu likatoka: chembe nyeupe zimeshuka chini ya kiwango. Daktari akasimamisha dawa wiki moja. Mama alishangaa sana. Siku mtoto amekuwa mweusi kucha zote wanasema endelea, siku anaimba wanasema simama! Tulirudi baada ya wiki, damu imepanda, akaanzishiwa tena kwa kiasi kidogo zaidi. Tangu hapo haijashuka tena.

Kwa hiyo kusimamisha dawa siyo dhambi. Hata madaktari wanasimamisha. Tofauti ni kwamba wao wanajua kwa nini wamesimamisha, na wanajua siku ya kuanza tena.

Mambo ya kukimbia nayo usiku huo huo

Homa ni ya kwanza. Mtoto au mtu mzima wa SS, awe anakunywa dawa hii au hapana, mwili ukichemka, kipimo kikisema 38.5 au zaidi, hakuna kungoja asubuhi na hakuna kusema tumpe panado tuone. Wasiokuwa na kipimo cha homa, na ni wengi, weka mgongo wa mkono kwenye shingo na tumbo. Ukiwa na shaka nenda. Vijidudu vinaweza kumwua mtoto wa SS ndani ya siku moja, na kama chembe nyeupe zimeshuka ni haraka zaidi. Mwambie musawo mapema, kabla hajauliza: "Huyu ni sikoseli na anakunywa haidroksiyurea." Sisi tumeliandika sentensi hilo nyuma ya kadi yake ya kliniki kwa kalamu nyekundu, kwa sababu usiku ule mama alisahau hata jina lake mwenyewe.

Damu kutoka kwenye fizi au puani bila kukoma, madoa madogo mekundu au ya zambarau kwenye ngozi bila kugongwa, weupe kwenye viganja na ndani ya jicho pamoja na kuhema, haya nayo hayangoji. Vidonda vya mdomoni: kama ni kimoja, kusukutua kwa maji ya chumvi na mswaki laini kunasaidia, lakini kitaje siku ya kliniki. Vikiwa vingi, mpaka mtoto hali, usingoje tarehe. Na mtu mzima akipata kidonda cha mguuni karibu na kifundo ambacho hakifungi, akionyeshe.

Dawa za maumivu nazo zina yake. Ibuprofeni (wengine mnaita bruferi) usimpe mtoto hajala, inachoma tumbo, na ikitumiwa siku nyingi mfululizo inaumiza figo, ambazo kwa watu wa SS zina shida tayari. Anywe maji mengi nayo, na siku chache tu. Hospitali ikimpa mofini ya maji, ile ya kunywa, Uganda wanaitumia sana, jueni kwamba inaleta usingizi, mwili kuwasha na choo kugoma. Choo ndicho kinawatesa, kuliko vingine. Omba dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo unayopewa mofini, usingoje siku ya nne. Na mtoto akilala usingizi ambao haamki ukimtikisa, au anahema polepole mno, hiyo ni hatari, piga kelele.

Sasa jambo la vijana, ambalo wazazi hawapendi tuliandike. Msichana anayekunywa haidroksiyurea asipate mimba kabla hajaongea na daktari, kwa sababu dawa inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mama anayenyonyesha aulize pia. Kwa wavulana, dawa inaweza kupunguza mbegu za kiume wakati wanaitumia. Kijana anayekaribia kuoa amwulize daktari bila haya. Tunajua wawili waliotupa dawa kwa sababu ya uvumi tu wa jambo hili, na hawakuuliza. Kuuliza ni dakika tano.

Dawa katika nyumba ya chumba kimoja

Vitabu vya afya vinasema weka dawa kabatini. Kabati liko wapi? Sisi tunaweka kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko, ndani ya mfuko, tumelining'iniza kwenye mti wa paa, mbali na shitingi kwa sababu jua la saa saba linachemsha vitu vilivyo karibu nayo. Watoto wadogo hawafiki. Hilo ni muhimu kuliko joto: mtoto mzima wa miaka miwili akimeza hizo kapsuli ni hatari kubwa, na zina rangi nzuri kama pipi.

Kapsuli isifunguliwe nyumbani. Ule unga siyo wa kushikwa na asiye mgonjwa, hasa mama mjamzito. Mtoto asiyeweza kumeza, waambieni kliniki, wana namna ya kuwaelekeza. Anayempa mgonjwa dawa anawe mikono baadaye. Na mtoto akisahau siku moja, kesho anakunywa moja, siyo mbili. Shangazi (yule yule) alitaka kulipiza zile arobaini na moja!

Kugawana pia tuache. Kuna mama alimwazima jirani kapsuli kumi kwa sababu watoto wote wawili ni SS. Moyo mzuri, lakini kipimo kinatoka kwenye uzito na kwenye damu ya kila mtoto. Ya mmoja inaweza kuwa nyingi mno kwa mwingine, na ya kwako itakwisha kabla ya siku yako.

Kinachotushinda ni njia. Nauli ya kwenda na kurudi hospitali kubwa kwa watu wawili inakula pesa ya mwezi, na tangu rasheni ilipopunguzwa wengine wanauza unga wao kupata nauli. Tumefika kule mara mbili tukaambiwa dawa imekwisha, rudi wiki ijayo. Hatuna jibu zuri kwa hilo. Tunachofanya sasa: hatungoji kapsuli ya mwisho, tunakwenda zikiwa zimebaki za siku kumi, na kabla ya kwenda tunamwomba mtu wa VHT apige simu kuuliza kama ipo. Ikikosekana, tunapimwa damu hata hivyo, tunachukua foliki, na tunamwandikisha mtoto jina ili waanze naye dawa ikifika. Na hatununui za rejareja kwenye duka lisilojulikana, kapsuli bila boksi, hujui ni nini.

Walimu wenzetu, neno moja tu. Mtoto wa SS anahitaji maji muda wote, na kwa kuwa figo zake haziwezi kubana mkojo anatoka nje kila mara. Sisi wenyewe tuliwahi kumsimamisha mvulana wa darasa la tatu ukutani kwa sababu aliomba kutoka mara nne katika somo moja. Hatukujua. Mama yake alikuja kesho yake na kadi ya kliniki mkononi, akatuonyesha, hakusema kitu, akaondoka. Sasa chupa ya maji iko mezani pake na mlango anaujua. Na watoto wakicheka kucha za mwenzao, usiwapige, waeleze. Tulieleza darasa la tano kwa kuchora ubaoni chembe ya mviringo na chembe ya mundu, wakauliza maswali mpaka kengele ikalia, na mmoja akauliza kama wanaweza kuziona kucha karibu. Mdogo wetu akanyoosha mikono yote miwili juu ya dawati.

Mwaka huu bado hajalazwa hata mara moja, na rejesta tunayo. Kucha ni nyeusi vile vile. Juzi watoto wawili wadogo wa familia iliyofika mwezi uliopita walimwuliza hiyo rangi inauzwa wapi. Akawaambia inatoka Kampala, ni ghali.

Yule mama wa bloku ya juu alikwenda kliniki kesho yake na akaeleza zile siku tisa bila kuficha. Walimpima mtoto damu kwanza, kisha akaanza tena. Jumanne ya pili ya mwezi ujao familia tano tunakwenda pamoja hospitali kubwa kwa gari moja ili nauli ipungue. Bado kuna nafasi tatu. Anayetaka aje shuleni baada ya masomo, aulize walimu wa darasa la tano, na siku hiyo tutaondoka mbele ya kituo cha afya saa kumi na moja alfajiri. Njoo na kadi, sweta ya mtoto, maji, na kopo la dawa lenyewe na kapsuli zilizobaki, kwa sababu wanazihesabu.